Karani Asiyepiga Fomati

Nianze na uchafu wake, maana ndio ulionikutanisha naye. Nimefanya kazi ya afya ya umma miaka mingi. Nimekagua mabucha, vichinjio, hoteli za chai na vyoo vya soko kuanzia Kitale mpaka Bungoma, na bado nasema sijaona mtu aliyesoma akaketi katikati ya taka kwa raha kama Karani. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Singasinga mmoja mjini Kitale. Ukiingia, harufu ya kwanza ilikuwa ya waya ulioungua, iliyofuata ilikuwa ya omena, wale dagaa wa ziwani, na baada ya hapo kulikuwa na nyingine ambayo sikutaka hata kuijua. Kompyuta zilizofunguliwa matumbo zilipangwa karibu kufika darini. Juu ya kila moja palikuwa na kitu kisichohusika: nusu ya parachichi, soksi, kikombe chenye duara la kahawia ndani lililoonyesha chai ya jana iliishia wapi.

Na lile kopo! Chini ya meza, kando ya mguu wake wa kulia, alikuwa na kopo la kutemea. Sitasema zaidi.

Watu walimwita Karani kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya mpaka akastaafu. Alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja huko Tongaren, yule mtu anayekaa na mafaili yote ya ofisi na kujua kila moja liko wapi. Ofisi ilipoletewa kompyuta ya kwanza wakubwa waliiogopa, wakaifungia kwenye chumba chake kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo. Akakaa nayo. Alipotoka huko alikuwa anaijua kuliko waliokwenda kuisomea Nairobi, ila alizungumza juu yake kama mtu wa masjala. Kwake kompyuta haikuwa na folda, ilikuwa na rafu. Haikuwa na programu, ilikuwa na wafanyakazi.

Siku ya kwanza nilikuwa nimekuja kukagua duka la mbele. Duka lilikuwa safi, sakafu imepigwa deki, nikafurahi. Kisha nikafungua mlango wa nyuma.

"Ala! Nani anaishi humu?"

"Hakuna mtu anaishi, Madam," akasema bila kuinuka. "Hapa ni kazi. Kalibu. Mimi ni kalani."

Hivyo ndivyo alivyoongea. L yake na R yake zilibadilishana viti zilivyotaka, kama zinavyofanya kwa watu wengi wa kwetu. Mimi nilisomea Pwani, nikarudi na Kiswahili cha kunyooka, na lazima niseme ukweli: hata hiyo R yao ilikuwa inanikera. Nilikuwa mtu wa kukereka. Nilidhani kukereka ndiyo kazi yenyewe.

Nikamwandikia notisi ya kusafisha chumba. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma mpaka mwisho, akavuta droo, akatoa muhuri wa zamani, akaupulizia pumzi na kugonga: IMEPOKELEWA. Akaitoboa tundu mbili, akaitia kwenye faili.

"Nakala yako unayo?" akaniuliza.

"Ninayo."

"Hapo sawa."

Nikaondoka nikijua ameelewa. Niliporudi baada ya mwezi, notisi yangu ilikuwa palepale kwenye faili, safi, haijakunjika hata pembe. Na omena walikuwa palepale kwenye sufuria. Nikaandika nyingine, naye akaigonga muhuri. Tuliendelea hivyo mpaka nilipohamishiwa Bungoma. Ningeweza kumfungia, na wenzangu waliniuliza kwa nini sikufanya hivyo. Nadhani nilikuwa nafurahia kwenda kuchukizwa.

Maana mtu yule alikuwa kioja. Alikuwa na mswaki wa kusafishia feni za kompyuta, mswaki uliochakaa meno yakaegemea upande mmoja. Siku moja nikamwambia, "Mzee, nihakikishie tu kwamba huo si wa kinywa chako." Akauinua kwenye mwanga, akautazama huku na huku kwa muda mrefu kabla ya kunijibu, "Huu? Hapana. Nafikiri hapana." Kile kipande cha memori kinachochomekwa ndani alikisugua miguu yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, ufundi mzuri kabisa, halafu akakipulizia kwa mdomo uliotoka kula kitunguu kibichi. Nikamwambia huko ni kupaka viini vya magonjwa. Akasema kompyuta haiugui tumbo.

Lakini uchafu wa ndani ya mashine hakuuvumilia hata kidogo. Hapo ndipo aliponishinda. Mwenye bucha mmoja alileta kompyuta yake ya nyumbani, ati imekuwa nzito, ukibonyeza leo inajibu kesho. Karani akafungua kifuniko. Mende wakatoka. Si mmoja, si kumi. Walimiminika mezani, wengine wakubwa wenye mabawa, na mimi, afisa mzima wa serikali, nikajikuta nimesimama juu ya kiti. Ndani kulikuwa na vumbi lililoshikana na mafuta mpaka likawa kama blanketi, na nyuma ya feni palikuwa na kitu kilichokuwa mjusi siku za nyuma.

"Wewe!" Karani akamkaripia mwenye bucha. "Unakula juu ya kompyuta? Huoni aibu, bana? Mtu na akiri yake anakulia hapa chakura?"

Alikuwa ameshika gunzi la mahindi ya kuchemsha. Punje moja ilikuwa kwenye ndevu zake. Nilimtazama, nikamtazama mwenye bucha, naye akanitazama mimi.

Nieleze sasa juu ya fomati, maana bila hiyo huwezi kumwelewa Karani. Miaka ile mafundi wa mjini walikuwa na dawa moja ya kila kitu. Kompyuta ikiwa nzito, piga fomati. Ikizimika yenyewe, piga fomati. Kupiga fomati ni kufuta kila kitu kilichomo, mpaka mashine iwe tupu kama ilivyotoka kiwandani, kisha unapanda programu upya. Inakuwa nyepesi, ndiyo. Lakini barua zako, picha za harusi, kazi yako ya miaka mitatu, vyote vimekwenda. Ukilalamika unaambiwa, "Si ungesema?"

Karani alilichukia neno hilo kuliko mimi nilivyolichukia kopo lake. "Fomati ni uvivu," alikuwa akisema, na kila alipolitaja, aliinama na kutema. "Ofisi imejaa vumbi, wewe unaleta petroli? Hiyo ni kazi ya mtu hajui kusoma majina ya mafaili."

Njia yake ilikuwa ndefu. Kwanza, hakukubali kugusa mashine mwenyewe asipokuwepo. Uketi hapo, kama una moyo wa kuketi. Akishasafisha ndani, aliiwasha na kuanza kuhesabu vile vipicha vidogo vinavyojipanga kando ya saa kwenye skrini. "Hawa wote wanafanya nini hapa asubuhi? Kazi haijaanza na ofisi imejaa! Huyu anangoja kamera, kamera yenyewe huna. Huyu anangoja printa, printa iliibiwa. Nendeni nje, mtaitwa." Akawazuia mmoja mmoja wasiamke na mashine, na hapo tu ungeona tofauti.

Baada ya hapo ilikuja orodha. Alisoma majina ya vitu vyote vikubwa vilivyojaza diski, kimoja kimoja, akikuuliza: hiki nitoe au nibakishe? Ukisema toa, aliandika kwenye daftari lake: nambari, jina, aina yake, na neno TOA. Mwisho wa orodha unatia sahihi. "Masjara haitupi karatasi bila sahihi ya mwenyewe," alisema. Ukishatia, anatoa, anamwaga debe la taka, kisha anaiambia mashine ijipange upya. Viboksi vya rangi vinahama kwenye skrini saa nyingi, vipande vilivyotawanyika vikisogezwa vikae pamoja, naye alivitazama kama wengine wanavyotazama mpira. "Sasa hapo," alisema, "irichotolewa hakuna mungu atarudisha. Ndio maana ya sahihi."

Alijivunia jambo moja maishani, na alilirudia mpaka likanichosha: tangu ashike kazi, masjala na kompyuta, hajawahi kupoteza kitu cha mtu.

Sasa niingie kwangu. Sipendi kuingia huku.

Mama yangu alikaa Bokoli. Mimi ni kitinda mimba wake, wa nne, na ndiye pekee aliyesomea usafi. Alijisifu kwa hilo sokoni na kanisani. Lakini nikienda kwake nilikuwa na tabia. Chai ikiletwa, nilikuwa nachukua kikombe, naenda jikoni, nakiosha tena kabla ya kunywa. Alikuwa ananiona. Siku moja alikuwa na wageni, akina mama wa kanisa. Akanimiminia chai mbele yao. Nikaona alama ya kidole kwenye ukingo wa kikombe, nikatoka nje, nikaimwaga chai yote kwenye majani na kusuuza kikombe. Nilirudi nikakuta wageni wameweka vikombe vyao chini.

Wageni walipoondoka akaniambia, "Kama nyumba iliyokulea inakutia kinyaa, usije."

Nami, kwa kiburi changu, sikwenda. Mwaka mzima. Alipougua koo nilienda, nikampeleka hospitali, nikamwosha, nikamlisha kwa kijiko. Lakini neno lile hatukulizungumza. Alinishukuru kama unavyomshukuru nesi. Ugonjwa ulikuwa unamla sauti, na mimi nilikuwa nangoja siku nzuri ya kumwomba radhi.

Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi Sudan, alikuja likizo ya Krismasi. Alikuwa amemnunulia Mama kompyuta kuukuu, ikakaa sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma. Alipoona sauti inakwenda, akamwekea maikrofoni awasalimie watoto wake, sauti ihifadhiwe. Kabla ya Pasaka tukamzika. Pale kaburini kaka akaninong'oneza, "Saramu za mama ziko kwa kompyuta. Na wewe amekusarimia."

Nikaichukua kompyuta nikaipeleka kwangu Bungoma. Jamani, ile mashine! Ungeiwasha, ukabandika maharagwe, na maharagwe yangetangulia kuiva. Nikaandika *salamu* kwenye kisanduku cha kutafutia. Ikatafuta, ikakwama, nikaizima, nikaiwasha. Nilipomuita fundi mmoja kijana wa mjini, alikaa nayo dakika kumi.

"Madam, hii ni ya kufomati tu. Imekwisha."

"Na salamu za mamangu?"

"Haziko. Nimesachi. Labda mlizifuta."

"Huwezi kuzinakili kwanza mahali?"

"Kitu haiko nitanakili aje?" Kisha akaniambia kwamba hata zingekuwepo, zimerekodiwa kwa programu ya ile maikrofoni, na diski yake haipo, akifomati, programu inaenda, na bila programu sauti haifunguki popote. Alisema hayo akitafuna chingamu mdomo wazi. Kinyaa kikanishika, nikamwambia aondoe mikono yake kwenye kompyuta ya mamangu.

Nikaipakia nikaenda Kitale.

Karani hakuuliza mengi. Aliifungua, akaisafisha kwa mswaki ule ule, akaiwasha, akatikisa kichwa. "Haijakufa. Inarara tu. Diski imejaa mpaka mrangoni, haina pahari ya kupumua. Tukitafuta saa hii itakwama katikati. Tutoe kwanza ile si yenu. Kuja ukae hapa tusome."

Siku hiyo Karani alikuwa na mafua. Naomba mnielewe. Alikuwa akikohoa, akiinama kwenye kopo, akijifuta kwa kiganja na kurudisha kiganja hicho hicho kwenye kipanya. Mezani palikuwa na karatasi ya omena wa jana. Mimi nilisimama mlangoni, leso puani, uso nje, nikatazama mabati ya Singasinga.

"Mchezo ya karata. Nitoe?"

"Toa."

"Ya piri. Nitoe?"

"Toa."

"Madam, kuja uone kwa macho."

"Nasikia vizuri, Mzee. Toa."

"Hii ni kubwa, Madam. Una hakika?"

"Nimesema toa! Endelea!"

Akaendelea. Picha za magari, nyimbo, filamu nusu iliyokatika, takataka za kila namna alizoziokota kaka yangu huko Sudan na kuja kuzimwaga kwa mama mgonjwa. Toa, toa, toa. Alipomaliza akaniletea daftari mlangoni. Ukurasa ulikuwa na alama ya mafuta ya samaki upana wa kiganja. Niliushika kwa leso, kwa vidole viwili, nikatia sahihi bila kuutazama na kumrudishia.

Nililala kwa rafiki yangu mjini. Niliporudi siku ya pili viboksi vilikuwa vimeshamaliza kujipanga. Karani akaizima, akaiwasha mbele yangu, na kabla sijaweka mkoba chini ilikuwa tayari imeamka. Mashine ile ile. Sikuamini. Nikaketi, hata kiti sikukifuta, nikaandika *salamu*.

Hakuna.

Nikaandika *Salamu* kwa herufi kubwa. Hakuna.

"Nani ariandika jina?" Karani akauliza nyuma yangu.

"Kaka yangu."

"Anaongea kama wewe ama kama mimi?"

Nikageuka nikamtazama.

"Basi andika vire yeye anaongea."

Nikaandika *saramu*. Ikatokea. *Saramu za mama*. Ilikuwa humo siku zote, chini ya herufi niliyokuwa naiona ya kishamba.

Karani alivua kofia yake, akatoka nje bila kuambiwa, akafunga mlango. Ndiyo adabu kubwa niliyowahi kuiona kwa mtu yule. Nikabonyeza. Sauti ya Mama ilikuwa imepungua, inakwaruza, lakini ilikuwa yake. Alimsalimia kaka, akamwonya juu ya pombe. Alimsalimia dada mkubwa na watoto wake, kwa majina yote. Alimsalimia dada wa pili, akamwambia ng'ombe mwekundu ni wake. Halafu akacheka kidogo, akakohoa.

"Sasa nifike kwa huyu wangu wa afya," akasema. "Huyu... ngoja ninywe maji kwanza."

Kikasikika kikombe kikiwekwa mezani. Basi. Hapo ndipo ilipoishia.

Nilimweleza Karani ilipoishia, kisha nikampigia kaka yangu simu siku hiyo hiyo nikiwa Kitale. Nikamwambia inaishia kwenye maji. Akasema hapana, Mama aliongea mpaka akachoka, yeye alimwacha na maikrofoni akatoka nje kwa sababu Mama alitaka kuwa peke yake. "Tafuta vizuri," akasema. Nikatafuta *saramu* tena, ikaja ile moja tu. Sikumwacha aeleze zaidi, nikamwambia ni mwongo, kwamba alikwenda zake kulewa akaacha maikrofoni imezimika, na sasa anafunika. Nilimtukana. Mpaka leo tunasalimiana kwenye mazishi tu.

Miaka ikapita nikiisikiliza. Nilikuwa naiwasha Jumapili, Mama ananifikia, anakunywa maji, ananyamaza. Taratibu nikaanza kuamini jambo lingine. Niliamini kwamba alikunywa maji yale, akafikiria kile kikombe nilichokisuuza mbele ya wageni, akaona sina haki ya salamu, akaiweka maikrofoni chini. Nililiamini hilo kabisa. Lilikaa nami kama mwiba wa samaki kooni.

Mara ya mwisho nilipomwona Karani ilikuwa Naitiri. Miaka mingi ilikuwa imepita. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hakuweza tena kazi, watoto wake wakamrudisha nyumbani. Mimi nilikuwa nimetumwa huko kukagua visima, nikasikia yuko karibu, nikapita.

Nilitarajia jalala. Nilikuta boma limefagiwa, nyumba inanukia sabuni. Mkaza mwana wake alikuwa mwanamke wa usafi wa kutisha. Karani mwenyewe alikuwa ameketi barazani, shati jeupe, ndevu zimenyolewa, ananung'unika.

"Mzee, hujambo?"

Akageuza sikio. "Hiyo sauti. Madam Afya! Umekuja kunifungia?"

"Nimechelewa. Wenzangu wamekusafisha."

"Wamenimariza, bana! Kopo yangu wametupa. Hawajauriza mtu, hawajaandika popote."

Nikacheka mpaka nikajishangaa. Akaagiza chai, akaniuliza habari za ile kompyuta. Nikamwambia bado inaamka. Akauliza habari za Mama, kana kwamba yuko hai mle ndani. Nikamwambia bado anakunywa maji. Hapo akakunja uso, akasema neno hilo limemkaa rohoni, kwamba kazi aliifanya vizuri, hajawahi kupoteza kitu cha mtu. Akamwita mkaza mwana alete sanduku la bati.

Madaftari yote yalikuwa humo, yamefungwa kwa uzi, mwaka kwa mwaka. Hayo walikuwa hawajathubutu kuyatupa. Akayapapasa migongo kwa vidole, akavuta moja na kunikabidhi. "Tafuta yako usome. Utaona kira kitu niritoa iko na sahihi."

Nikafunua. Sikuhitaji kutafuta sana, ile alama ya omena ilikuwa imepenya kurasa tatu. Nikaanza kumsomea kwa sauti, kwa sababu alikuwa ametega sikio na uso wake umejaa fahari.

"Moja, mchezo ya karata, mchezo, toa. Mbili..." Nikasimama. "Mzee, mbili hukuandika jina. Umeandika tu *ya piri*."

"Niriandika. Jina yake ndio hiyo."

"Jina gani?"

"Ya piri. Mimi sikuwa nahesabu, Madam. Nirikuwa nasoma majina vire iko kwa sikirini. Ririkuwa jina. Nikakuita uone kwa macho."

Nikatazama safu ya aina. Kwenye nambari moja ameandika *mchezo*. Kwenye nambari mbili, kwa mwandiko wake mzuri wa masjala: *sauti*.

Ya piri. Ya pili. Sehemu ya pili. Mama alikunywa maji, kaka yangu alikuwa amezima ile ya kwanza, ndogo isiyofika kwenye orodha ya vitu vikubwa, akamwashia nyingine, akaiandika kama anavyotamka, akatoka nje. Naye Mama akaongea mpaka akachoka, peke yake, na mimi.

Chini ya orodha palikuwa na sahihi yangu. Sahihi nzuri, ya mtu aliyesoma. Wino ulikuwa umekwepa mafuta kwa ustadi.

Mkaza mwana alikuwa ameshaleta chai na kuondoka. Karani alinyoosha mkono, akaupapasa ukurasa kana kwamba angeweza kuusoma kwa vidole.

"Madam? Hiyo ya piri, irikuwa kitu ya maana?"

Macho yake meupe yalikuwa yamenielekea. Mzee mzima, hana kazi, hana macho, hana hata kopo lake. Amebaki na neno moja tu la kujivunia.

"Hapana, Mzee," nikamwambia. "Ilikuwa uchafu tu. Tuliutoa."

"Si nirikuambia?" Akaegemea kiti, akatabasamu. "Kalani hapotezi kitu."

Akamimina chai mwenyewe kwa kupapasa, ikamwagikia vidole, kidole gumba kimezama ndani ya kikombe mpaka kwenye kucha. Akanipa. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikanywa yote.